Redio inayokula betri usiku: pima kwanza, betri mpya baadaye

Gari linashika vizuri Ijumaa jioni. Jumapili asubuhi, watu wameshavaa na wameketi, stata inatoa tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia. Jirani anakujampia, gari linawaka, na ukipita kwenye duka la betri unaambiwa, "Mkubwa, hii imekufa. Tukuwekee mpya?" Unalipa maelfu yako, unakaa wiki mbili kwa amani, halafu tik-tik-tik inarudi.

Kama shida ilianza baada ya kufungiwa redio mpya, amplifaya au wufa, usinunue betri ya pili kabla hujapima. Watu walio katika hali hiyo Nairobi ni wengi, na kuna sababu. Redio za magari ya Japan hushika FM ya 76 hadi 90 MHz, au 95 kwa zile za miaka ya karibuni, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Vitz au Demio ikishuka Mombasa, stesheni nyingi huzipati na menyu yote ni ya Kijapani. Wengine hufungiwa kile kifaa kidogo cha kuongeza masafa kwenye waya wa antena. Wengine wanang'oa redio yote na kuweka ya Android yenye kioo cha inchi 9 au 10. Kazi inafanywa kando ya barabara, dashibodi ikiwa wazi, na redio ikiimba mteja analipa na kuondoka. Lakini redio iliyounganishwa vibaya nayo huimba vizuri kabisa. Ubaya wake unafanyika wewe ukiwa umelala.

Hesabu inayoeleza kila kitu

Gari lolote lililozimwa bado linakula umeme kidogo: saa, alamu, kumbukumbu ya kompyuta, kipokezi cha ufunguo. Kwa magari mengi kiasi hicho ni chini ya miliampea 50, yaani ampea 0.05. Betri ndogo ya aina ya NS40 hubeba ampea-saa 35 hivi. Kwa ampea 0.05 inapoteza ampea-saa 1.2 kwa siku, kwa hiyo gari linaweza kukaa wiki mbili bila kuguswa na bado likashika.

Sasa weka amplifaya isiyozima, inayokula ampea 0.6 tu. Kutoka Ijumaa saa moja jioni hadi Jumapili saa moja asubuhi ni saa 36. Mara 0.6, ni ampea-saa 21.6. Zaidi ya nusu ya betri imeondoka na hakuna wimbo hata mmoja uliopigwa. Ongeza baridi ya Julai na betri ya miaka mitatu, stata haizunguki. Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini gari la mtu anayeendesha kila siku linaonekana zima: usiku mmoja ni ampea-saa 7 tu, na safari ya asubuhi inarudisha sehemu. Shida hujitokeza wikendi, au ukisafiri na kuliacha gari nyumbani.

Vifaa

Unahitaji multimita, spana namba 10 (ndiyo inayofungua vichwa vya betri vya magari mengi ya Japan), koleo dogo la kutoa fyuzi, bisibisi na tochi. Multimita za bei ndogo zimejaa Luthuli Avenue. Zinatosha, ila chagua yenye tundu la ampea 10 na uangalie kama tundu hilo lina fyuzi ndani. Nyingi za bei ya chini kabisa hazina, na hapo kosa dogo linayeyusha waya mikononi mwako. Kama una uwezo, nunua ile ya kubana waya, lakini hakikisha inapima umeme wa DC. Zile za mafundi wa nyumba mara nyingi hupima AC peke yake na kwa gari hazikusaidii.

Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara karibu na betri, maana ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Na jambo moja ambalo mafundi wengi hawakwambii: karibu na usukani na ndani ya dashibodi kuna soketi na mirija ya waya ya rangi ya manjano. Hizo ni za mifuko ya hewa. Usizichome na multimita wala usizikate. Waya wa manjano wa redio ni kitu kingine, ni waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye soketi ya redio yenyewe. Ukiwa na gari la haibridi, nyaya nene za rangi ya machungwa usiziguse hata kwa kidole.

Hatua ya 1: Hakikisha betri na altaneta ni wazima

Haina maana kumsaka mwizi kwenye nyumba isiyo na kitu. Chaji betri ijae, iache ikae saa kadhaa gari likiwa limezimwa, kisha weka multimita kwenye volti 20 za DC na upime kichwa hadi kichwa. Betri iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo, na ikifika 11.8 hesabu kwamba imekwisha. Kama umeichaji usiku kucha kisha ikashuka hadi 12.2 ikiwa imefunguliwa kabisa kwenye gari, betri yenyewe ni mbovu na mwenye duka alikuwa na haki.

Washa injini, pima tena. Unatarajia kati ya 13.8 na 14.5. Baadhi ya magari mapya hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo ukiona 13 kasoro washa taa kubwa na feni, usubiri kidogo, utazame kama inapanda. Ikibaki 12 na kitu hata baada ya hapo, altaneta haichaji na redio yako inasingiziwa.

Hatua ya 2: Macho na mkono kabla ya mashine

Hii watu huiruka kwa sababu haionekani ya kitaalamu. Usiku, zima gari, funga milango, subiri robo saa, kisha fungua buti taratibu ukiwa na tochi imezimwa. Amplifaya nyingi zina kitaa kidogo cha kijani, buluu au chekundu cha kuonyesha kwamba zimewaka. Kitaa kikiwa hai na ufunguo uko mfukoni, umepata jibu bila kupima chochote. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, weka kiganja kwenye mgongo wa amplifaya. Chuma kinapaswa kuwa baridi kama gari lenyewe. Kikiwa na uvuguvugu, haikulala.

Tazama pia taa ya buti, ya kisanduku cha mbele ya abiria na za vioo vya kujitazamia. Fundi aliyefungua dashibodi wakati mwingine hurudisha kisanduku vibaya na swichi yake haibonyezwi, taa inawaka mle ndani siku nzima na wewe unalaumu redio.

Hatua ya 3: Pima kinacholiwa gari likiwa limelala

Magari ya leo hayalali mara tu unapozima. Kompyuta zake huchukua dakika 20, mengine hadi saa nzima, kabla ya kunyamaza. Ukipima mapema utaona ampea nzima au mbili na utaanza kukata nyaya zisizo na hatia.

Fungua boneti na mlango wa dereva, ambao unauhitaji ili ufikie kisanduku cha fyuzi. Kwa bisibisi, sukuma kile kifunga cha mlango mpaka kilie, gari lidhani mlango umefungwa. (Kumbuka kukiachia kwa kuvuta mkono wa mlango kabla ya kuufunga, la sivyo utakivunja.) Ufunguo wa kisasa usioingizwa popote uweke mbali, ndani ya nyumba kabisa, kwa sababu ukiwa karibu unaliamsha gari.

Sasa sogeza waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A na uzungushe swichi hadi ampea 10 za DC. Fungua kichwa cha hasi cha betri. Gusisha ncha moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye kibano cha waya ulichokitoa, ili umeme wote unaokwenda kwenye gari upite ndani ya multimita. Mara ya kwanza kompyuta zitaamka na namba itaruka. Kuepuka kuunguza multimita, tangulia kuunganisha kibano na kichwa kwa kipande cha waya wenye vibanio, unganisha multimita sambamba nacho, subiri gari lilale, ndipo uondoe kipande. Tangu hapo usifungue mlango mwingine, usiwashe taa, na usijaribu kabisa kustati gari: stata huvuta ampea zaidi ya mia.

Soma namba. 0.02 hadi 0.05, gari liko sawa. Magari yenye vifaa vingi hufika 0.08 na bado ni kawaida. 0.2 kwenda juu, kuna kitu. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukiusahau kwenye 10A kisha ukapima volti za betri, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na cheche zake hutazisahau.

Kwa wale wenye magari ya Honda au Volkswagen yaliyobaki na redio ya kiwandani mahali fulani kwenye mfumo: baadhi huomba namba ya siri betri ikifunguliwa. Itafute kabla.

Hatua ya 4: Anza na waya mnene

Wengi hukimbilia kutoa fyuzi za ndani ya gari moja baada ya nyingine, namba haishuki, wanakata tamaa. Sababu ni kwamba amplifaya haipiti kwenye kisanduku cha fyuzi cha gari. Waya wake mnene unatoka kwenye betri moja kwa moja, unapenya ukuta wa injini, unapita chini ya zulia hadi buti. Kwa hiyo kwanza tafuta fyuzi yake, ambayo inapaswa kuwa karibu na betri, umbali usiozidi urefu wa mkono. Kama haipo kabisa, simamisha kila kitu na uiweke, maana waya huo ukichubuka na kugusa bodi utawaka moto. Shida hiyo ni kubwa kuliko betri iliyoisha.

Toa fyuzi hiyo ukiangalia multimita. Namba ikishuka kutoka 0.6 hadi 0.04, mwizi ni amplifaya. Isiposhuka, irudishe na uende kwenye fyuzi za gari. Kwenye Toyota nyingi, umeme wa kudumu wa redio hupita kwenye fyuzi iliyoandikwa DOME, pamoja na taa ya ndani na saa. Kwingine utaona RADIO, RAD, AUDIO au BACK UP. Mchoro uko nyuma ya kifuniko, na ukiwa wa Kijapani uupige picha kwa simu uutafsiri. Toa moja, tazama, rudisha, nenda inayofuata. Ukipata inayoshusha namba, rudi nyuma ya redio na utoe soketi ya redio peke yake, fyuzi ikiwa mahali pake. Hapo ndipo unajua kama ni redio au ni kitu kingine kilichopachikwa kwenye fyuzi ileile.

Kuna njia nyingine isiyoamsha kompyuta, nami naipenda zaidi kwa magari mapya. Usifungue betri. Weka multimita kwenye milivolti 200 na uguse vile vitundu viwili vidogo vya chuma vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi bila kuitoa. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Fyuzi ya ampea 10 inayopitisha nusu ampea itasoma milivolti 3 au 4 hivi. Ni namba ndogo lakini inasema wazi ni mlango upi umeachwa wazi.

Ukitoa fyuzi zote na namba bado iko juu, acha habari ya redio. Diodi za altaneta zikiharibika hurudisha umeme nyuma usiku kucha, na fyuzi za ndani hazihusiki. Hiyo ni kazi ya fundi wa altaneta.

Hatua ya 5: Nyaya tatu za kuuliza

Tuseme imethibitika ni redio au amplifaya. Vuta redio nje kidogo, iache ikiwa imeunganishwa, ufunguo umetolewa. Redio za kununua hufuata rangi karibu zilezile: manjano ni umeme wa kudumu wa kumbukumbu, nyekundu ni umeme unaokuja ukigeuza ufunguo hadi ACC, nyeusi ni wa ardhi, na buluu yenye mstari mweupe ni ule unaoiambia amplifaya iwake. Buluu tupu ni wa antena.

Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye chuma kisafi cha bodi, swichi kwenye volti 20, na uchunguze kimoja kimoja.

Waya wa manjano: 12 na kitu, ufunguo ukiwepo au usiwepo. Hivyo ndivyo unavyotakiwa.

Waya mwekundu: ufunguo ukiwa nje, sifuri. Ukisoma 12, umemkamata. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na kwa kawaida ukifuata waya utakuta nyekundu na manjano vimesokotwa pamoja na kufungwa teipu. Fundi alifanya hivyo kwa sababu moja kati ya tatu. Ama hakupata waya wa ACC, jambo la kawaida kwenye Golf na Volkswagen nyingine za miaka ya karibuni ambazo soketi ya redio haina waya huo kabisa, amri inakuja kwa njia ya CAN. Ama alikuwa na haraka. Ama wewe mwenyewe ulimwambia unataka kusikiliza muziki pale kwa waosha magari bila kuacha ufunguo. Redio ya namna hiyo hata ukiizima kwa kitufe, nyingi hubaki macho nusu.

Kabla ya kumhukumu mtu: magari mengine huacha ACC hai hadi ufungue mlango. Fungua na ufunge mlango, kisha pima tena.

Waya wa buluu wenye mstari mweupe: redio ikizimwa, sifuri. Ukibaki na 12, amplifaya haipokei amri ya kulala. Ama umeunganishwa kwenye umeme wa kudumu, ama redio yenyewe haizimi. Chomoa waya huo upande wa amplifaya. Kitaa kikizimika, shida iko mbele kwenye redio. Kisipozimika hata hapo, fungua tundu la amri kwenye amplifaya uone kama fundi ameunganisha kipande cha waya kutoka tundu la chanya hadi la amri. Nimeona wakiita hiyo njia ya mkato. Ni mkato wa kweli, wa maisha ya betri.

Waya wa buluu wa antena na kile kifaa cha kuongeza masafa vinakula kidogo sana, lakini vikipewa umeme wa kudumu vinajumlishwa na mengine. Vipime hivyohivyo.

Redio za Android zina tabia yake

Hapa nyaya zote zinaweza kuwa sawa na betri bado ikaliwa. Redio hizi ni kompyuta, na ili ziwake kwa sekunde mbili badala ya nusu dakika, watengenezaji huziacha zikisinzia badala ya kuzima. Zikisinzia vizuri hula kidogo. Programu moja ikikataa kulala, kwa mfano ya ramani, au mtandao ukiwa wazi kwa laini ya simu iliyomo ndani, redio inabaki macho huku kioo kikiwa cheusi. Kwa macho huwezi kujua.

Ingia kwenye mipangilio ya gari ndani ya redio utafute muda wa kulala au kuzima baada ya ACC kuondoka. Mara nyingi umewekwa siku moja au zaidi. Uweke kwenye kuzima mara moja au dakika chache. Redio itachelewa kuwaka asubuhi, vumilia. Kama ina kile kisanduku cha CAN cha kuwasiliana na vitufe vya usukani, hakikisha aina ya gari iliyochaguliwa ndiyo gari lako, kwa sababu kikiwekwa cha gari jingine kinaweza kuizuia redio isilale, au hata kuzuia kompyuta za gari zisilale. Kuchunguza, kichomoe kwa usiku mmoja na upime.

Hatua ya 6: Kurekebisha

Tenganisha nyekundu na manjano. Nyekundu itafutie umeme wa ACC: kwenye soketi ya Toyota yenye pini 10, waya wa kijivu huwa ni ACC na wa buluu wenye mstari wa manjano huwa ni wa kudumu, lakini pima kabla ya kuamini rangi, hasa gari likiwa limeshapita mikononi mwa mafundi wawili au watatu. Kama huupati hapo, chukua kutoka kwenye fyuzi ya tundu la sigara kwa kutumia kipachiko cha fyuzi cha kuongeza njia, na kiwe na fyuzi yake. Kwa Volkswagen, nunua kisanduku sahihi cha CAN. Hakuna ujanja mwingine unaodumu.

Muunganiko usokotwe, usoldiwe na ufunikwe kwa mpira unaonywea kwa joto. Teipu peke yake, ndani ya dashibodi ya gari linaloegeshwa juani siku nzima, gundi yake inayeyuka, inateleza na kuacha shaba wazi.

Waya wa amri wa amplifaya uende kwenye buluu yenye mstari mweupe ya redio, si kwingine. Ukiwa na amplifaya zaidi ya moja, au feni za kuzipoza zimepachikwa hapo hapo, weka rilei, kwa kuwa waya huo wa redio hauna nguvu ya kubeba mzigo. Rilei yenyewe ikizeeka inaweza kunata ikabaki imefunga. Ukisikia haitoi mlio wa "tak" redio ikizimwa, ibadilishe.

Ukimpelekea fundi wa Ngara au Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, usimwambie "redio inakula betri, nisaidie". Atakuuzia redio. Mwambie: "Fundi, nimepima, ikilala inavuta ampea 0.6, na nikitoa fyuzi ya amplifaya inashuka. Nataka waya wa amri uhamishwe, halafu tupime tena pamoja kabla sijalipa." Fundi anayejua kazi atachukua multimita. Asiyejua ataanza kuuliza betri ni ya mwaka gani.

Mlio unaopanda na kushuka kwenye spika ukikanyaga mafuta ni ugonjwa mwingine, wa waya wa ardhi, na hauli betri. Usiruhusu uchanganywe na huu.

Usilolipaswa kulikata

Ukifuata nyaya nyuma ya dashibodi utakuta kisanduku kidogo cheusi ambacho hukumbuki kukinunua. Kama gari lina mkopo wa benki au wa logbook, huenda ni kifuatilio, na wakopeshaji wengine huweka viwili. Kinakula umeme, kikiharibika kinakula zaidi, lakini ukikikata bila kuwaambia waliokifunga utapigiwa simu usiyoipenda. Onyesha namba ulizopima, waje wakibadilishe wao.

Ikiwa usiku hauna kosa

Pengine vipimo vyote ni vizuri na betri bado inaisha. Basi inaliwa mchana. Altaneta ya gari dogo hutoa ampea 70 hadi 100 hivi ikizunguka kwa kasi, na pungufu sana injini ikinguruma tu kwenye foleni ya Mombasa Road. Ondoa taa, kiyoyozi na kompyuta za injini, kisha mpe amplifaya kubwa inayovuta ampea 40 kwenye besi: betri ndiyo inayofidia. Punguza mzigo au weka altaneta kubwa zaidi. Betri ya pili bila altaneta ya kutosha inaahirisha tu.

Baada ya marekebisho

Betri iliyoisha kabisa haijazwi kwa kuzunguka mtaani. Ipeleke ichajiwe polepole, ampea 4 au 5 kwa saa kumi hivi kwa betri ya ampea-saa 45. Betri za asidi zikiachwa tupu kwa siku kadhaa sahani zake hushika salfeti na uwezo haurudi wote, kwa hivyo hata ukimpata mwizi, betri iliyolala tupu mara nyingi inaweza kuwa imeshaumia.

Kisha fanya jaribio rahisi. Jioni, saa mbili baada ya kuzima gari, pima volti uandike. Asubuhi kabla ya kufungua mlango wa dereva, fungua boneti kama inafunguka kutoka nje, au fungua mlango haraka, na upime tena ndani ya dakika moja. Kutoka 12.6 hadi 12.5 ni kawaida. Ikishuka hadi 12.3, rudi Hatua ya 4 na uanze na fyuzi ambayo mara ya kwanza uliiruka kwa kuwa ilikuwa ngumu kufikiwa.